Siku ya Aukje kwenye Kalenda ya Chooni

Kila tarehe tisa Machi, tangu vita viishe, Hiltje alikuwa anatoa viti vyote vya nyumba, anavipanga duara sebuleni, anaoka mkate wa sukari, kisha anakaa kumngoja mtu ambaye haji. Anayekuja ni jirani yake Fokje tu, maana kwao siku ya kuzaliwa haina mwaliko. Ukiijua siku, unapiga hodi.

"Shoga, mwaka huu pia?" Fokje humwambia huku akivua koti. "Viti saba, na wa kuvikalia ni mimi na wewe!"

"Kaa, unywe kahawa yako."

"Na biskuti ni ile ile moja, halafu kopo linafungwa pu! Huyo mtoto hata akija atakufa njaa hapa."

Hiltje hucheka kidogo, kisha macho yanakwenda kwenye mlango wa choo. Nyuma ya mlango ule, kama ilivyo katika kila nyumba ya mji wao wa Bolsward, ilining'inia kalenda ya siku za kuzaliwa. Kalenda ile haina mwaka, kwa hiyo haitupwi. Wamo shangazi, wamo ndugu, walio hai na waliokufa. Na kwenye tisa Machi, kwa penseli, kwa mwandiko wa Hiltje mwenyewe: Aukje.

Wakati wa vita, Wajerumani walipoitawala nchi yao, Hiltje alikuwa tarishi wa kikundi cha siri kilichowapinga. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, ana baiskeli ambayo matairi yake yalikwisha, akayabadili kwa mpira wa kumwagilia bustani. Alipita nayo madarajani, kadi za mgao wa chakula zimeshonewa ndani ya sketi, siku nyingine bastola iko chini ya mboga. Mara moja alimeza karatasi yenye jina la mtu, mbele ya mlinzi kabisa, akamwambia ni dawa ya kikohozi.

Majira ya baridi ya mwaka wa arobaini na tatu akapewa mtoto wa kike kwenye kituo cha treni. Aliyempa ni mama wa mtoto, Myahudi aliyekimbia kutoka nchi za mashariki, akachoma karatasi zao zote njiani. Kanuni ilikuwa usiulize jina, wala hakuuliza. Lakini treni yake ilipokaribia kuondoka, yule mama alirudi mbio akamshika mkono.

"Tisa Machi anatimiza minne. Nakuomba, apate kitu kitamu."

Akaenda. Hakurudi tena, si yeye wala baba wa mtoto.

Mtengeneza vyeti wa kikundi akamwandikia mtoto cheti: Aukje, mtoto wa binamu yake Hiltje, amezaliwa tarehe mbili Novemba. Tarehe hiyo aliitoa kichwani mwake tu. Machi ilipofika, Hiltje alioka mkate wa sukari kwa sukari ya mwezi mzima. Mtoto alikula mpaka mashavu yakanata. Hiltje akaingia chooni, akachukua penseli inayoning'inia kwa uzi, akaandika. Yeye aliyemeza karatasi! Lakini kule kwao, mtu asiyekuwa kwenye kalenda ya chooni ni kama hana mwenyewe, na Hiltje alitaka mtoto yule awe na mwenyewe.

Juni akaja polisi mmoja, mtu wa hapo hapo aliyewatumikia Wajerumani. Akasoma cheti cha mtoto, akaitikia kwa kichwa kuridhika. Kisha akaomba choo. Akakaa huko muda. Akatoka anafunga mkanda.

"Dada, huyu mtoto kazaliwa mara mbili? Cheti kinasema Novemba, choo chako kinasema Machi."

"Nilikosea mstari," Hiltje alijibu.

"Haya. Nitaulizia ofisini. Narudi baada ya chakula cha mchana."

Kama alikusudia kumpa nafasi, au alipenda tu tumbo lake, Hiltje hajui hata leo. Alimpakia mtoto kwenye baiskeli, wakaruka mashimo mpaka kwenye mfereji, akamkabidhi kwa mwenye mashua ya maziwa. Usiulize anakopelekwa, kanuni ni ile ile.

"Shangazi, utakuja kunichukua?"

"Nitakuja."

Yeye mwenyewe akajificha kwa mkulima mpaka vita vikaisha. Ndipo akamtafuta. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne wakamwambia mjomba wake mtoto alikuja kutoka Argentina, akamchukua wiki tatu zilizopita. Mjomba alilijua jina la kweli la mtoto kwa barua, basi; siku ya kuzaliwa hakuijua. Anwani hakuacha.

Kilichomla Hiltje miaka yote hakikuwa upweke peke yake. Ni kwamba mtoto alikuwa anakua na siku ya uongo, na duniani hapakubaki mtu anayeijua siku yake ya kweli ila yeye Hiltje. Ilikuwa amana, na mwenyewe hayupo wa kukabidhiwa.

Miaka kumi na minane ikapita hivyo. Alhamisi moja ya Novemba Hiltje alikuwa nje anaosha madirisha, akaona msichana amesimama getini.

"Kama unauza kitu, mwanangu, sinunui."

"Siuzi." Alisema Kifrisia, lugha ya hapo Bolsward, kama mtoto wa miaka minne, kwa sauti ya mtu mzima. "Namtafuta shangazi mwenye baiskeli ya mpira wa bustani. Ilikuwa inanirusha mpaka meno yanagongana."

Ndoo ikaanguka, maji yote yakaingia kwenye viatu vya mbao vya Hiltje.

Ndani hapakuwa na mkate, wala viti havikupangwa. Walishikana mikono, wakaachana, wakashikana tena. Baadaye msichana akaomba choo. Hiltje akabaki amesimama ukumbini, maana alishawahi kumsikia mtu mwingine akikaa mle muda mrefu hivyo.

Mlango ukafunguliwa.

"Shangazi, Aukje wa Machi ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi ni wa Novemba. Wiki iliyopita tu nimetimiza."

"Novemba ni ya mtengeneza vyeti. Machi ni ya mama yako. Alinipa kituoni." Kisha Hiltje akasema lile ambalo hakuwahi kumwambia hata Fokje. "Na ndiyo iliyokutoa mikononi mwangu. Polisi aliisoma hapo. Niliandika mimi."

Msichana akageuka kuitazama tena kalenda.

"Na kama usingeandika?"

"Ungebaki kwangu."

Msichana alirudi chooni, akaivuta ile penseli kwa uzi wake. Pembeni ya Aukje akaandika jina lake la kweli: Zlata. Hiltje alilisoma kwa sauti, mara tatu, kama mtu aliyewekewa peremende mdomoni.

"Machi utakuja, Zlata?"

"Meli yangu inaondoka Jumamosi. Niandikie huo mkate unavyookwa, shangazi. Nitauoka huko."

Machi ilipofika Fokje alipiga hodi, akakuta duara.

"Jamani! Si umeshamwona? Viti vya nini tena?"

"Vya Zlata."

"Haji, shoga."

"Najua haji. Sogea hapo, hicho ni chake."

Fokje akasogea. Akanyoosha mkono akachukua biskuti ya pili, akingoja kusikia kopo likifungwa. Hiltje hakuona. Alikuwa anaangalia getini.