Jivu Kwenye Gari la Baba Mkubwa

Jua lilipochomoza Kijenge na kupiga ubavuni mwa gari, Philemoni aliweka kikombe cha chai chini bila kuangalia alikoweka. Prado nyeusi ya baba yake mkubwa, ambayo jana jioni aliiegesha hapo uani ikiwa imelowa manyunyu na kupendeza kama mpya, ilikuwa imejaa mikwaruzo. Si mmoja, si miwili. Kuanzia boneti mpaka mlango wa nyuma, vijistari vya duara vilipishana kama utando wa buibui, na kila alipoinamisha kichwa navyo vilihama naye. Gari jeupe lingeweza kuficha aibu hiyo mwaka mzima. Jeusi, ah, jeusi linakutangaza kwa kila mpita njia.

"Mungu wangu," akasema. "Huyu mzee atanila nyama."

Na moyo wenyewe ulikuwa umeshavunjika tangu jana. Jana walipanda Nkoaranga kupeleka posa kwa kina Hanna. Kwa kuwa baba yake Philemoni alishafariki, msemaji alikuwa kaka wa marehemu, Baba Mkubwa Ndesanjo, mtu mwenye suti ya kila tukio na maneno yasiyokwisha. Walipokelewa vizuri, wakasali, wakala loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Kisha Baba Mkubwa akaanza kueleza ukoo wao kule Machame, babu baada ya babu. Alipokuwa katikati ya babu wa tatu, Bibi Elieshi, mama yake baba yake Hanna, ambaye bila yeye hakuna linaloamuliwa katika nyumba ile, aliinuka, akajifunga khanga kiunoni na kutoka nje. Hakuaga. Hakurudi mpaka kikao kilipokuwa kinafungwa kwa sala. Jibu, wakaambiwa, litatolewa Jumamosi.

Njia nzima ya kuteremka, mvua nyepesi ikiwanyeshea, Baba Mkubwa alikaa kimya, jambo ambalo Philemoni hakuwahi kuliona. Walipofika Tengeru ndipo akafungua mdomo. "Tumekataliwa, mwanangu. Bibi ametutolea nje. Wazee wa huku hawakwambii hapana. Wanainuka tu."

Akashuka kwake Njiro, ambako mafundi walikuwa wamemwaga zege getini, akaacha gari lilale kwa Philemoni. Angelifuata kesho yake jioni.

Sasa mtu ambaye amekosa mke na hapohapo amekwaruziwa gari la baba yake mkubwa hana muda wa kunywa chai. Philemoni alimkimbilia Lucky, kijana mwenye uwanja wa kupolishi magari kule Sokon I, anayeongea na magari kuliko anavyoongea na watu. Lucky aliliosha gari kwanza kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka usirudi ukakwaruza upya. Alipolikausha akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo, macho kayafumba.

"Ukucha haunasi," akasema. "Hii ni ya juu juu, chalii wangu. Iko kwenye klia, lile tabaka la kung'aa. Rangi yenyewe iko salama. Inatoka."

"Inatoka yote?"

"Ukinyamaza, yote."

Philemoni akanyamaza. Lucky akabandika tepu ya karatasi pembezoni mwa taa na kwenye kingo, kule ambako klia huwa nyembamba na mashine huweza kuila mpaka chini. Akadondoshea sponji ya mashine matone machache ya dawa, akachagua kipande kidogo cha boneti cha kujaribia, akakipitia polepole, kwa urefu kisha kwa upana. Akafuta kwa kitambaa laini. Vijistari vilikuwa vimeondoka. Mahali pale palikuwa peusi kabisa, na ndani yake Philemoni aliona mawingu ya Meru na sura yake mwenyewe, sura ya mtu ambaye hakulala. Alijisikia nafuu kidogo. Angalau gari litapona, alijiambia, hata kama mimi siponi.

Boneti ilikwisha, na mabati ya juu ya magurudumu ya mbele yakafuata. Lucky alipofika kwenye mlango wa dereva akaufungua ili aweke tepu, na hapo akazima mashine.

"Kaka, nani aliosha hii gari?"

Kwenye mpira wa mlango kulikuwa na ujiuji wa kijivu umeganda. Lucky akaukwangua kwa kidole, na pamoja nao akavuta nyuzi kavu za kahawia. Philemoni alizitambua mara moja. Mtoto yeyote aliyekulia mgombani amesugua sufuria kwa vitu hivyo: jivu la jikoni na majani makavu ya mgomba.

Akamkumbuka Bibi Elieshi akifunga khanga kiunoni, na damu ikampanda kichwani. Kumbe alipotoka alilifuata gari! Hakutosheka kuwakataa, akaona awakwaruze pia. Philemoni aliwahi kusikia utani mwingi kuhusu Wamachame wenzake, lakini kuadhibiwa kwa jivu hakuwahi kusikia.

Arusha ni ndogo. Alikuwa bado amezishika zile nyuzi pale bodaboda iliposimama, na juu yake ameketi Baba Mkubwa na suti yake. Mtu alishampigia simu kwamba gari lake limeonekana kwa Lucky. Alilizunguka mara moja bila salamu, akaitazama boneti iliyopona, akaitazama milango iliyokuwa bado.

"Nini hiki?"

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Ni bibi yake Hanna. Ametusugua kwa jivu."

Mzee hakufoka. Aliketi taratibu juu ya tairi kuukuu, mabega yameanguka, na Philemoni akatamani angefoka. "Basi wametuchukia kweli," akasema. "Nitamwambia nini mama yako? Toka jana anapiga simu, sipokei."

Hapo Philemoni akashindwa kuvumilia. Akampigia Hanna na kuweka sauti ya nje, mzee asikie mwenyewe. "Hanna, bibi yako amelifanya nini gari la Baba Mkubwa?"

"Limetakata?" Hanna akauliza kwa furaha.

"Limetakata! Hanna, limechubuka lote!"

Sauti ya Hanna ikawa ndogo: "Jamani. Tulimwambia. Alichungulia dirishani akaona gari limejaa tope la njia yetu, akasema wakwe zake hawawezi kurudi mjini hivyo, watu watauliza wametoka kwa nani. Tukataka kuosha sisi, akatufukuza. Hapa nyumbani sufuria za wageni tunasugua wajukuu. Za wakwe anasugua mwenyewe, hapokewi. Leo ameamka mgongo umekaza, amelala na chupa ya maji ya moto. Naomba asijue, Phile, atalia."

Baba Mkubwa alikuwa ameshainuka. "Alisemaje? Wakwe?"

"Shikamoo, baba!" Hanna akashtuka. "Mimi sijasema kitu. Nimekatazwa. Jibu ni Jumamosi." Simu ikakatwa.

Philemoni aliegemea mlango ambao haujapolishiwa. Alicheka huku machozi yanamtoka, na wala hakuyafuta. Kwa mkono mmoja mzee alikuwa akimpigapiga mgongoni, kwa mwingine akitafuta namba ya Machame.

"Mama Philemoni!" akapaza sauti, uwanja mzima ukageuka. "Gari langu limekwisha! ... Ndiyo, limechubuka kila mahali! Kwa jivu, kama sufuria! ... Bibi mwenyewe! Kwa mikono yake, mpaka mgongo ukakaza! Alituita wakwe!"

Vigelegele vilivyotoka kwenye simu ile vilimfanya aiweke mbali na sikio. Lucky, ambaye hakuwa ameelewa hata nusu, aliwasha mashine na kuinamia mlango wa dereva.

"Wewe, acha!" Baba Mkubwa akamzuia, kiganja kimefunika simu. "Usiguse kwanza. Mama yake huyu anataka picha."