Kilele Kwenye Kioo cha Moto

Mimi ni mtu wa maneno mengi niliyepewa kazi ya bubu. Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi katika chuo kikuu kimoja pale Braamfontein, mwaka wangu wa nne Johannesburg, nikichunguza kinachotokea mchanga na magadi vinapochomwa pamoja mpaka vikawa kioo. Tanuri langu lilikuwa dogo, lingeenea kwenye sinia ya chai, lakini ndani joto lilipita nyuzi elfu moja. Nilipiga mwanga wa leza ya kijani juu ya ule uji wa moto, na mwanga uliorudi mashine iliuchambua rangi moja moja, ikachora mstari wenye vilele. Kila kilele ni alama ya kitu kilichomo ndani.

Maabara haikuwa na dirisha. Taa lazima izimwe, maana mwanga wa nje unachafua kipimo. Sampuli baridi ilichukua dakika moja. Ya moto ilitaka dakika ishirini, kwa sababu tanuri lenyewe linawaka na mwanga ninaoutafuta ni kidogo mno. Dakika ishirini gizani, mara kumi kwa siku, huna hata mtu wa kumwambia umechoka. Jaribu uone.

Basi mwezi Mei kikazuka kilele kwenye namba 1123, chembamba, kimesimama wima, mahali ambapo vitabu havikuonyesha kitu cha namna hiyo. Kwenye sampuli baridi hakikuwepo. Kwenye ya moto kilikuwepo kila mara. Profesa wangu, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, alikitazama akavua miwani. Akasema huenda kuna kitu kinachoundwa katikati na kuishi dakika chache kabla ya kioo, na hakuna aliyewahi kukiona. Kikiendelea kujirudia, niandike tasnifu yangu, Desemba niende nyumbani.

Nyumbani ni Tanga. Kule walikuwa mke wangu Kudra na binti yetu Ummi, aliyezaliwa miezi minne baada ya mimi kuondoka. Niliwapigia kutoka kibanda cha simu Hillbrow, chini ya fleti niliyopanga. Ummi aliniita "baba wa simu". Nilicheka kila mara, na kila mara liliniuma.

"Desemba, mama Ummi," nikamwambia Kudra. "Safari hii kweli."

"Usije ukanidanganya, baba Ummi. Mtoto nitamwambia, na chumba nitakipaka rangi."

Kazini mtu pekee aliyenisemesha Kiswahili alikuwa Évariste, mlinzi wa jengo, Mkongo wa Bukavu. Kila saa kumi alasiri alipita kwenye korido akikagua vyumba.

"Jambo docteur! Uko ku kazi?"

"Niko, ndugu yangu. Wazima huko?"

"Eish, baridi tu. Lakini tuko."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima, na nilikuwa nikiyasubiri tangu saa nane.

Mwezi Julai, Alhamisi moja, kilele hakikutokea. Nikasafisha lenzi, nikabadilisha sampuli, nikaitukana mashine matusi yote niliyotoka nayo Tanga. Wapi! Nikainuka nitoke nipate hewa, nikajigonga paji la uso kwenye mlango. Ulikuwa umefungwa.

Évariste alikuwa mwisho wa korido. "Ni miye nilifunga, docteur," akasema. "Chef, mukubwa wetu, anataka tufunge milango yote juu ya baridi. Nilikuona umeinamia mashine, sikutaka kukusumbua."

Nilisimama pale chini ya taa za korido, zile ndefu za tyubu, nikazitazama. Ndani yake mna mvuke wa zebaki, na zebaki ikiwaka hutoa rangi zake maalumu. Moja ni ya kijani, na kwa leza yangu huangukia 1123 sawasawa. Jambo hilo nimelifundisha mwenyewe wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Niseme ukweli. Kila nilipoanza kipimo cha moto niliuacha mlango wazi kiasi cha shubiri moja. Nilijiambia ni kwa ajili ya joto. Uongo mtupu. Nilitaka kusikia viatu vya watu. Kwa sampuli baridi sikuufungua, maana dakika moja haitoshi mtu kuona upweke.

Nikarudi ndani. Nikafungua mlango shubiri moja, kilele kikaja. Nikafunga, kikaondoka. Nikarudia siku ile na kesho yake, nikiomba iwe nimekosea.

Profesa alikuwa safarini. Nani angejua? Ningeandika, ningefika Tanga Desemba, Ummi angenishika mkono aone nina mwili. Nililia, sioni haya kusema. Halafu nikamfikiria mtu mwingine katika maabara nyingine, mlango wake umefungwa vizuri, anakaa gizani miezi na miezi akitafuta kitu changu kisichokuwepo. Huyo sikuweza kumfanyia hivyo. Nikamwandikia profesa. Alijibu mistari miwili: afadhali umeligundua kosa mwenyewe, tunaanza upya, hesabu mwaka mmoja.

"Siyo Desemba," nikamwambia Kudra Jumamosi.

"Rangi imeshakauka," akasema. "Nimwite Ummi uongee naye?"

"Mwache acheze."

Jumatatu nikabandika karatasi mlangoni: kipimo kinaendelea, usifungue. Nikafunga, nikazima taa, nikawasha leza. Mstari ulitoka safi, 1123 pametulia. Saa kumi viatu vya Évariste vikaja, vikasimama mbele ya karatasi, vikakaa kidogo. Nilisikia akikohoa. Kipimo kilikuwa kimebakiza dakika kumi na mbili, nikabana mdomo asije akafungua, na viatu vikaendelea na korido.