Sare ya Mutayoba, Mbele na Nyuma

Mayala wa Mkuyuni alikuwa mchora mabango, na Mwanza nzima ilimjua kwa hilo. Duka la ushirika likitaka jina mlangoni, ni yeye. Tawi la chama likitaka jembe na nyundo ukutani, ni yeye. Lakini kazi aliyoipenda kufa na kupona ilikuwa nyingine kabisa: kunakili kwa mkono picha za zamani za sare za askari. Alikuwa na bunda la picha zilizochapwa Ulaya, aliloachiwa na fundi cherehani mmoja wa Kihindi alipohama mji. Kila karatasi ilimwonyesha askari yuleyule mara mbili, mbele na nyuma, ili fundi ajue mkanda unapita wapi na mfuko unaning'inia vipi.

Siku Jovitha alipoingia kibandani kwake, alisahau hata kusalimia. Mwanamke wa Kihaya aliyesomeshwa na masista, akasahau shikamoo! Ukutani walisimama askari wa Mjerumani na askari wa Mwingereza, wenye kofia za fezi na wenye kofia pana, vifungo vinang'aa mpaka mkono unawasha kuvigusa. Alitazama picha ya chapa, akatazama nakala ya Mayala kando yake, na hakuona aibu kukiri moyoni kwamba nakala ilikuwa na uhai kuliko ile ya chapa.

"Shikamoo mzee," alisema mwishowe.

"Marahaba mwanangu. Usiegemee hapo, huyo wa fezi hajakauka."

Jovitha akaeleza shida yake. Baba yake, Mutayoba, alichukuliwa vita vya Waingereza, akarudi likizo mara moja, akaondoka tena, na Bama, kule Asia, ikammeza. Jovitha alikuwa bado tumboni. Picha moja waliyokuwa nayo ililiwa na mchwa kule kwao Mkolani, ikabaki fremu tupu. Na sasa macho ya mama yake, Kokushubira, yalikuwa yanafifia, na daktari alikwisha sema hayatibiki tena.

"Anataka kumwona baba kabla giza halijamfunga," alisema. "Na mimi ninataka. Mimi sijapata kumwona hata siku moja."

"Sare ninayo," Mayala akajibu. "Sura ndiyo sina."

"Watu wote wanasema nimefanana naye. Chora yangu."

Mayala akaguna. Yeye alikuwa mtu wa kunakili kilichopo, si kubuni kisichokuwapo, na hilo alilisema bila kupepesa macho. Lakini Jovitha alikwisha kalia kreti ya soda, kidevu juu, kama aliyeitwa kupigwa picha ya kitambulisho. Nani angemwinua?

Jovitha akawa anapita kibandani kila atokapo kazini, na kusema kweli hakuwa anafuata picha peke yake. Alipenda kumwona yule mzee akitafuta rangi ya kaki. Watu hudhani kaki ni kaki tu! Mayala alichanganya manjano na weusi kidogo, akatia tone la wekundu, akajaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaanza upya. Kitambaa kilichofuliwa sana alikipa rangi yake, na mikunjo ya nyuma ya goti akaipa yake. Kwa burashi ya manyoya machache alipitisha uzi wa mshono mmoja baada ya mwingine, pumzi ameibana. Jovitha naye alijikuta ameibana yake.

Kazi ilipokwisha, kwenye mgongo wa kalenda kuukuu walisimama askari wawili. Wa kushoto alitazama mbele, mzuri wa kutisha. Wa kulia alikuwa amewapa mgongo.

"Mzee, huyu wa nyuma wa nini?" Jovitha aliuliza. "Nani anatundika baba aliyempa mgongo?"

"Sare ina pande mbili, mwanangu. Ndivyo zilivyo picha hizi. Nikiacha mmoja nimechora nusu ya nguo."

"Mkate basi."

"Mkasi wangu hauwezi," Mayala alisema, na hapo ndipo ubishi ulipoishia, maana mkasi ulikuwa mezani na ukali wake wote ulionekana; asiyetaka alikuwa yeye.

Jovitha akaikunja karatasi katikati, akamficha askari wa nyuma, akaondoka zake amenuna.

Nyumbani alimketisha mama yake mlangoni, penye mwanga wa jua, akamshikia picha karibu na uso. Kokushubira alitazama kwa muda mrefu, akainamisha kichwa huku na huku, kisha akacheka kidogo.

"Jovitha, mwanangu, hizi nguo za jeshi umezivaaje?"

"Si mimi, mama. Ni baba."

"Huyu ni wewe." Akaishusha sauti, maana aliona amemuumiza. "Umependeza, lakini ni wewe. Uso wake mimi mwenyewe umenipotea siku nyingi. Sikutaka kukuambia."

Jovitha aliiachia karatasi, nayo ikakunjuka yenyewe juu ya mapaja ya mama yake.

Kokushubira akashika kifua.

"Mutayoba," alisema.

Kidole chake kilipita juu ya mgongo wa kaki, kwenye mkanda, kwenye chupa ya maji iliyoning'inia nyongani, kwenye blanketi lililoviringishwa. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Siku ile stesheni, likizo ilipokwisha, mama mkwe alimkataza kugeuka. Alisema anayekwenda vitani akigeuka nyuma, anauacha uhai wake pale aliposimama. Na Mutayoba alikuwa mtiifu. Nilisimama nikamtazama hivi, hivi hasa, blanketi hili, chupa hii, mpaka alipopanda behewa. Nilingoja ageuke. Sikumwita, niliogopa nitamponza." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Hakugeuka, na hakurudi. Nani amemwona mume wangu, akamchora hivi?"

"Ni mzee Mayala wa Mkuyuni," Jovitha alisema. "Mimi nilimwambia amkate huyu."

Mama hakumsikia. Alikuwa ameinamia ile picha, uso umekaribia karatasi, kama mtu anayezungumza na aliye dirishani.

"Geuka basi," alimwambia. "Mama yako amekwisha kufa. Hakuna wa kukukataza tena."

Jovitha akaketi sakafuni, akaegemea goti la mama yake, akautazama ule mgongo naye, na wakamsindikiza pamoja.