Kondoo Aliyesimama Mbele ya Mtandao

Bibi Kheira alitoa hukumu yake huku akimenya vitunguu saumu, wala hakuinua kichwa. Mwaka huu, alisema, yeye na mama zetu hawatagusa matumbo ya kondoo wa Idi. Atasafisha mmoja wetu, ama mimi Lotfi ama binamu yangu Nadir wa ghorofa ya chini, na atasafisha ya nyumba zote mbili.

"Lakini Bibi, sisi wanaume," Nadir akasema.

"Na kondoo naye mwanamume. Mbona yeye hajalalamika?"

Kwa msomaji aliyejaliwa kutowahi kusafisha tumbo la kondoo, nitasema tu kwamba ni kazi ya maji ya moto, kisu na subira, na kwamba harufu yake huingia kwenye kucha ikakataa kutoka. Mimi nasoma bweni. Mvulana akirudi bwenini na harufu ya utumbo hupewa jina, na jina la bweni humfuata mtu mpaka harusini kwake. Mwenzetu mmoja aliteleza kwenye supu akiwa kidato cha kwanza. Leo ana ndevu na bado anaitwa Dengu.

Kwa hiyo tukakubaliana kiungwana. Mechi moja ya mpira wa kompyuta, siku ya Arafa, ya kuamkia Idi, baada ya alasiri, kila mtu akiwa kwao. Atakayefungwa ndiye msafishaji.

Shida ilikuwa kwamba kompyuta yetu hukaa chumbani kwa dada yangu Wassila, naye alikuwa anajiandaa kwa bakaloria, mtihani wa kumaliza sekondari. Mtu anayejiandaa kwa bakaloria hapa mjini Wahran huheshimiwa kama mgonjwa na kuogopwa kama mbwa.

"Kompyuta iwake, iimbe, icheze, sina neno," aliniambia kupitia tundu la kitasa. "Ila kivuli chako kikiingia humu, nakichana vipande."

Sikuogopa. Ninacho kidude cha michezo cha kushika mkononi. Mchezo unachezwa na kompyuta kule chumbani, picha inarushwa hewani mpaka kwenye kidude, nami nabonyeza vitufe nikiwa nimejilaza kwenye godoro la ukumbini kama bei, mtawala wa Kituruki wa zamani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ilivyokuwa ni kwamba kipa wangu aligeuka vigae vya bafuni, na nikibonyeza kitufe cha kupiga, mshambuliaji alipiga baada ya refa kwenda kula. Waifai, ambayo wengi huiandika "wifi", sawasawa na dada wa mume, ilikuwa na tabia zake zote: leo inakukumbatia, kesho inanuna mlangoni na hupiti.

Katika mechi ya mazoezi Nadir alinifunga saba.

"Nimekuwekea ndoo pembeni," akanipigia simu. "Unapenda ya bluu au nyekundu?"

"Mtandao ulikuwa mbaya."

"Matumbo hayajui mtandao, ewe mwana wa ami."

Nikaanza uchunguzi. Niligundua kwamba mitandao ya jengo zima imerundikana kwenye mkondo mmoja wa mawimbi na wetu, na wenye nguvu kuliko yote ni wa jirani yetu, ami Belkacem wa mlango wa pili. Mtu wa kawaida angehamisha wake akanyamaza. Mimi niliubadilisha jina mtandao wetu ukaitwa AMI BELKACEM HAMA MKONDO, ili kila anayefungua simu katika ngazi ile asome. Kabla ya magharibi mtandao wa Belkacem ukawa na jina jipya: NAMJUA BABA YAKO.

Baba alirudi kutoka msikitini akiwa na uso wa hakimu.

"Belkacem ameniuliza kama nyumbani kwangu kuna ugomvi wa mikondo. Nimjibu nini?"

"Mwambie tumehama sisi, baba."

Nikahama. Nikalirudisha jina la zamani, nikakiweka kidude kwenye masafa ya juu, yale yenye kasi lakini yasiyopenda vizuizi, nikapunguza ukubwa wa picha. Mambo yakatengemaa. Nilicheza kipindi kizima bila hata kigae kimoja. Kisha, nikiwa mbele ya goli tupu, picha ikaganda. Ikarudi. Ikaganda tena. Nikasikia kwato.

Hapa lazima nimtaje kondoo wetu. Baba alikuwa amemfunga kwenye roshani yenye vioo, mbele kabisa ya kigoda chenye ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao, kwa sababu hapo ndipo waya wa simu unapoingilia na hapo ndipo penye bomba la kumfungia kamba. Alikuwa dume nene, mwenye pembe na dharau. Akilala, wachezaji wangu walikimbia kama swala. Akisimama kula majani, nchi nzima iliganda.

Nilimpelekea Wassila habari hiyo kwa kunong'ona kwenye kitasa.

"Kondoo ni pipa la maji lililovaa sufu," akasema kutoka ndani. "Mawimbi hayo maji huyala. Umemweka mzima mzima kati yako na ruta, unashangaa nini?"

"Sikumweka mimi."

"Basi mwombe akupishe."

Nilimwomba. Kumhamisha haikuwezekana, maana bafu mama alilikataa kabla sijamaliza sentensi. Nikaona nimlaze. Nilimwondolea majani, nikamkuna shingo, nikamwimbia taratibu wimbo ambao Bibi alituimbia tukiwa wachanga. Akanitazama akitafuna kitambaa cha mezani. Nilipogeuka, Bibi alikuwa mlangoni na kikombe chake.

"Lotfi, mwanangu. Huyo tunamla Ijumaa. Usimzoee sana."

Wassila ndiye aliyeniokoa, ingawa si bure. Alifungua mlango upana wa vidole, akasema ruta ipande juu kuliko pembe, na kompyuta iunganishwe nayo kwa waya, ili hewani kubaki safari moja tu badala ya mbili. Waya alikuwa nao. Bei yake ilikuwa mimi kuosha vyombo vyake mpaka mtihani uishe. Nilitia saini kwa kuitikia kwa kichwa. Nikaitia ruta ndani ya wavu wa vitunguu, nikaining'iniza kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya kuanikia, juu ya kichwa cha mnyama. Mama alipita, akatazama, akaendelea na safari yake. Watu wenye funga ya kabla ya Idi hawapotezi maneno.

Siku ya Arafa, baada ya alasiri, picha ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Kondoo alisimama, alilala, alizunguka, alikohoa. Hakuna kilichoganda. Nilibonyeza, mtu akapiga papo hapo, mpira ukatoka nje. Nilibonyeza tena, ukatoka nje tena, kwa usafi uleule. Nadir akafunga la kwanza. Akafunga la pili. Nilipata moja kwa bahati, akaongeza mawili.

"Mtandao," nikasema kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Nyuma yangu Wassila alikuwa ametoka kunyoosha miguu. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Mtandao uko sawa," akasema, kwa sauti ya kutosha Nadir asikie. "Anayechelewa ni wewe."

Siku ya Idi, baada ya kuchinja, nilikaa juu ya paa la jengo na ndoo zangu mbili na mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Nadir akapanda na kanzu mpya, nywele zikiwa na mafuta ya kutosha kukaangia samaki. Alileta kiti, akakiweka upande usiofikiwa na harufu, akaketi, akatoa simu anipige picha.

"Tabasamu, daktari. Hii naipeleka bwenini."

Bibi Kheira alikuwa anakuja nyuma yake polepole, na sinia. Akaliweka sinia mapajani mwa Nadir, simu ikamponyoka. Juu yake kulikuwa na vichwa viwili vya kondoo, miguu minane, na wembe.

"Bibi, mimi nilishinda," Nadir akasema.

"Ulishinda matumbo, mwanangu. Vichwa nani aliviulizia? Moto uko kule. Babua, kwangua, mpaka viwe vyeupe." Akamtazama nywele. "Na funga hicho kichwa chako kitambaa, kisishike moto nacho."

Nikaosha mkono mmoja vizuri, nikaiokota simu yake.