Majina Saba kwenye Karatasi ya Glenys

Enyi kina mama mnaofungua mlango kabla ya kuuliza ni nani, hii ni yenu. Mtu akija na karatasi, mkaribishe, mpe kiti, mpe na chai. Lakini kalamu usiiguse mpaka ujue karatasi yenyewe inataka nini. Verdiane hakuuliza, na nusura amfukuze mjukuu wake mjini hata kabla hajazaliwa.

Verdiane anakaa Seven Hills, Sydney, kwenye mtaa wa nyumba za chini, kila nyumba na uzio wake, na majani yaliyokatwa kama nywele za mwanafunzi. Asubuhi anapika kwenye nyumba ya kulelea wazee, mchana anapika kwake. Siku hiyo alikuwa anakaanga ndizi, kengele ikalia. Kufungua, ni Bi Glenys wa nyumba ya pili, bibi wa Kizungu wa miaka sabini na sita, mwenye magoti mabovu. Ngazi zake tano za mbele huzishuka kiubavubavu kama kaa. Mkononi alishika ubao mdogo wenye karatasi ya mistari, na kalamu imefungwa kwa uzi.

Uzi ndio uliommaliza Verdiane.

Kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, alikokaa miaka kumi na mmoja, kalamu yenye uzi ilikuwa na maana moja tu: kuna kitu kinagawiwa. Labda mahindi, labda sabuni, labda blanketi. Hujui, na huulizi, maana wakati unauliza wenzako wanaandikwa. Unaandika jina lako, la mume, la watoto, waliopo na waliokwenda kuchota maji. Na mwenye mimba anahesabiwa wawili, kwa sababu tumbo nalo lina sahani yake.

Bi Glenys alieleza, tusimsingizie. Alieleza sana, kwa haraka, huku akinyoosha kidole kwenye ile nyumba kuukuu ya kona yenye bati lililopinda. Verdiane akawa anaitikia tu, "Yes, yes," jicho liko kwenye uzi, pua iko kwenye ndizi zinazoungua. Akachukua kalamu. Akaandika Verdiane. Akaandika Melchior, mumewe. Akaandika wanawe wawili, Niyongabo na Symphorien, waliokuwa shuleni. Akaandika binti yake Armelle na mkwe wake Bertrand, ambao hata hawakai hapo, wamepanga chumba kimoja Lidcombe. Mwisho, kwa sababu Armelle ana mimba ya miezi sita, akaandika: Mtoto wa Armelle, yuko njiani. Kila mmoja akamwekea saini.

Bi Glenys alikuja na majina ishirini na matatu, akaondoka na thelathini. Kidogo ambusu.

Wiki mbili Verdiane akangoja. Hakuna blanketi, hakuna sabuni. Akamwambia Melchior, "Nchi hii wanachelewa kugawa."

"Wanagawa nini?"

"Sijui. Lakini sisi tumo."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya Kiswahili pale Lidcombe, watu wakiwa nje na vikombe vya chai, Bwana Ogutu akamjia. Ogutu ni Mkenya, ana karakana ya milango na madirisha huko Smithfield, na ni mtu wa kucheka. Siku hiyo hakucheka. Alishika simu kama anashika panya kwa mkia.

"Mama Armelle, mimi nimekukosea wapi?"

"Wewe? Hujanikosea, Bwana Ogutu. Kwani kuna nini?"

"Ile nyumba ya kona mtaani kwenu ni yangu. Niliinunua mwaka jana. Nataka kuibomoa nijenge nyumba sita, ghorofa moja juu ya nyingine, watu sita wapate pa kukaa. Majirani wamepeleka karatasi halmashauri ya kunipinga. Sawa, majirani ni majirani. Sasa nasoma majina..."

Njeri, nesi, Mkenya mwenzake Ogutu, ambaye hakuna jambo linalompita, akachungulia ile simu na kuanza kusoma kwa sauti. "Verdiane. Melchior. Niyongabo... Aki Mama Armelle, si umemwaga ukoo wote hapa! Na huyu wa mwisho ni nani? Mtoto wa Armelle, yuko njiani?" Akashika kiuno. "Woi! Hata hajatoka tumboni na tayari hataki majirani!"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mmoja tu hakucheka. Armelle alikuwa amesimama pale, mkono juu ya tumbo, macho yamejaa maji.

"Mama," akasema, "moja ya nyumba hizo ilikuwa yetu."

"Yenu vipi?"

"Bwana Ogutu alituahidi tupange kwake. Nilitaka kukushtukiza siku yenye furaha. Nyumba tatu kutoka kwako, Mama! Ungemwona mtoto kila siku. Bertrand ameitwa kazi ya machinjio huko Wagga, na nyumba ya kukaa wanampa. Anatakiwa kujibu mwisho wa mwezi. Nikamwambia, tuvumilie chumba kimoja mwaka na nusu, nyumba za kona zikipita tunabaki. Zisipopita tunakwenda."

Wagga ni mwendo wa nusu siku kwa gari. Verdiane akaweka kikombe chini. "Mana yanje, Mungu wangu! Nilidhani wanagawa kitu."

"Wanagawa nini, Mama? Hii ni Sydney!"

"Kalamu ilikuwa na uzi," Verdiane akasema, na wale waliowahi kukaa kambini wakaacha kucheka palepale. Walielewa. Mmoja wao akakohoa na kukiri kwamba yeye mwenyewe aliwahi kujiandikisha hivyo hivyo, akajikuta kwenye timu ya kuogelea.

Jumatatu Verdiane akaenda kwa Bi Glenys na sahani ya sambusa. Akaomba karatasi yake.

"Imeshapelekwa, mpenzi," akasema Bi Glenys. "Kikao ni Alhamisi. Kwani umebadili mawazo? Nyinyi wote saba?"

Verdiane akaeleza kwa Kiingereza chake cha jikoni, kifupi lakini kinafika. Bi Glenys akacheka, halafu akaacha kucheka, halafu akala sambusa ya tatu. Lakini kwenye msimamo wake hakusogea.

"Nyumba sita, kila moja mapipa matatu ya taka. Hesabu! Mapipa kumi na nane barabarani kila wiki. Magari yataegeshwa wapi? Na nyanya zangu zitapata wapi jua? Nimekaa hapa miaka arobaini na nne. Namjua kila mbwa kwa jina."

"Na watu je?" Verdiane akauliza.

Bi Glenys akafikiri. "Watu wachache zaidi."

Verdiane akamsimulia walivyokaa watu kumi na wawili chumba kimoja cha udongo, na bomba moja la maji kwa mitaa mitatu ya kambi. Usiku hulali foleni, unaweka ndoo yako, au jiwe, au hata kiatu kimoja, na ndoo inakushikia nafasi. Hakuna anayeruka ndoo ya mwenzake. Wanaweza kugombana kwa kila kitu, lakini ndoo inaheshimiwa.

"Ndoo peke yake?" Bi Glenys akashangaa. "Hapa wangeiiba."

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akasimama juu ya zile ngazi tano akizitazama kama mtu anayetazama mto uliofurika. Hakushuka.

Alhamisi ikafika. Kikao kilikuwa mbele ya jopo la watu wanne, mwenyekiti mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Kila msemaji dakika tatu. Njeri aliomba ruhusa kazini aje kutafsiri. Alisema ni tafsiri, lakini kusema kweli hakutaka kusimuliwa.

Verdiane akasimama. Akakaza kitenge kiunoni.

"Mimi ndiye niliyeandika yale majina saba. Mume wangu alikuwa kazini. Watoto walikuwa shule. Mkwe wangu hajui kitu mpaka leo, namwogopa. Mtoto alikuwa tumboni."

Mwenyekiti akashusha miwani. "Ulisaini kwa niaba ya mtu ambaye hajazaliwa?"

"Kwa nia njema."

Ukumbi ukacheka. Verdiane hakucheka.

"Nilikotoka, ukikosa orodha unalala njaa. Kwa hiyo mimi nikiona orodha naingia, siulizi. Hapa nimeingia kwenye orodha ya kumfukuza binti yangu. Hizo nyumba zikikataliwa anakwenda mbali, na mimi mjukuu nitamwona kwenye simu, anakua ndani ya kioo. Bi Glenys anaogopa mapipa. Mimi nitayatoa mapipa. Yote kumi na nane. Kila wiki. Nafuta majina yangu, mama. Yote saba."

"Ya wengine sita si yako kufuta," mwenyekiti akasema taratibu, "lakini pia hayakuwa yako kuandika. Basi tutayahesabu kama hayapo."

Akaitwa Bi Glenys. Akasema habari ya mapipa, akasema habari ya nyanya, akasema magari. Dakika yake ya tatu ilipobaki nusu, akakunja karatasi yake na kuuliza, kwa sauti ya chini, "Hizo nyumba za chini... mlangoni zina ngazi?"

Ogutu akajibu kwamba hazina. Kiti cha magurudumu kinaingia mpaka jikoni.

"Nimeuliza tu," akasema Bi Glenys, akakaa.

Jopo likakubali, kwa masharti: chumba cha mapipa kijengwe nyuma, na nyumba ziwe tano badala ya sita, ili jua lifike kwenye nyanya. Armelle akamkumbatia mama yake. Lakini Ogutu akaja na kidole juu.

"Ngojeni kwanza. Nimepoteza nyumba moja, na walioniomba ni tisa. Ahadi za pembeni zimekwisha, zitaniletea ugomvi kanisani. Jumamosi saa tatu asubuhi nafungua orodha pale getini. Wa kwanza ni wa kwanza. Na wewe Mama Armelle, uliyenipinga mara saba, utapanga foleni kama wengine."

"Bwana Ogutu, si unamjua binti yangu?"

"Namjua. Na mwanawe namjua pia. Tena saini yake ninayo."

Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, Verdiane akatoka na ndoo ya bluu ya kudekia. Alikuwa anacheka peke yake njiani. Wazungu watakuja saa tatu, Wakenya saa nne, na ndoo ya Mtabila itakuwa ya kwanza.

Akafika getini akasimama kama amemwagiwa maji. Pale mbele ya geti, katikati kabisa, kulikuwa na kiti cha kukunja cha bustani. Juu ya kiti, nyanya moja nyekundu, na chini yake kikaratasi: Glenys.

Verdiane akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Kiti chenyewe chepesi, ukikipuliza kinaanguka. Alisimama pale muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri. Kisha akaweka ndoo yake nyuma ya kiti, akaigeuza, akaikalia.

Saa tatu kamili Ogutu akatoka na ubao, na kalamu imefungwa kwa uzi. Bi Glenys, aliyekwisha kufika kiubavubavu, akaandika jina lake bila kumtazama mtu usoni. Zamu ya Verdiane ikafika. Akavaa miwani. Akasoma karatasi kuanzia juu mpaka chini. Akaigeuza nyuma, akasoma na nyuma, ambako hapakuandikwa kitu.

"Mama, tunazeeka huku!" Njeri akapiga kelele kutoka mkiani mwa foleni, kumbe naye alitaka nyumba.

"Zeekeni. Hii karatasi ni ya nini, Bwana Ogutu?"

"Ya kupanga nyumba."

"Si ya kumpinga mtu?"

"Si ya kumpinga mtu."

"Wala si ya kuogelea?"

"Andika, Mama!"

Akaandika Armelle. Akaandika Bertrand, ambaye safari hii aliulizwa. Halafu akasimama, kalamu hewani, mkono unamwasha, uzi unaning'inia.

Ogutu akamtazama, akashindwa kujizuia, akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Haya, mwandike na huyo wa njiani. Alinipinga, basi aje aombe radhi mwenyewe."