Kikombe Kwenye Kiti cha Nyuma

"Umeniletea mteja au mganga?" dalali wa magari alimuuliza shemeji yake Mzee Glasi. Alijifanya ananong'ona, lakini yadi nzima ilisikia.

Mzee Glasi hakugeuka. Alikuwa amepiga goti kando ya gari jekundu, mlango wa nyuma uko wazi, anamimina maji kwenye kikombe cha plastiki alichokisimamisha juu ya kiti. Alimimina taratibu mpaka maji yakapita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, yakasimama mdomoni. Kisha akakizungushia kikombe taulo kisianguke, akainuka akijifuta vumbi gotini.

"Mvumilie," shemeji alimjibu dalali. "Amebeba wagonjwa maisha yake yote. Labda kuna mmoja alimwambukiza."

Walicheka wote wawili. Mzee Glasi naye alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Siku yake ya kwanza kazini, dereva mkuu aliweka glasi ya maji juu ya kitanda cha mgonjwa, akamwambia auzunguke mji na kurudi. "Usinionyeshe saa," alimwambia. "Nionyeshe glasi." Alirudi na glasi tupu na godoro lililolowa. Ilimchukua miezi minne kurudi na maji. Baadaye yeye ndiye aliyewafundisha wengine, na jina likamganda. Hata barua ya kustaafu, wenzake waliandika kwenye bahasha: Kwa Mzee Glasi.

Glasi ile ilishavunjika zamani. Kikombe hiki kilikuwa cha mkewe.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na mistari ile mitatu aliichora mwenyewe kwa wino usiofutika, mwaka ule figo zake zilipokoma kufanya kazi. Maji yote aliyokunywa yalibaki mwilini yakisubiri mashine ya hospitali iyatoe, siku tatu kwa wiki. Kwa hiyo alijipimia. Vikombe viwili kwa siku, basi. Aliipima kiu yake kama alivyopima viuno vya watu, bila kumwonea mtu na bila kumpendelea.

"Haya," dalali alipiga paa la gari jekundu kwa kiganja. "Mazungumzo ni mafupi. Magari mawili, kampuni moja, mwaka mmoja, bei moja. Hili limetembea zaidi kidogo, ndiyo maana bei imekaa sawa na ya lile jeupe. Lakini hili injini yake ina tabo, mzee. Ukiligusa mafuta linakuuliza, 'Wapi, bosi?'"

"Na lile jeupe?" Mzee Glasi aliuliza.

Dalali aliliangalia lile jeupe lililokuwa kwenye kona, gurudumu moja halina kifuniko, madirisha ya nyuma ya kuzungusha kwa mkono. Alikuna shingo.

"Lile... lile linafika."

Walianza na jekundu. Mzee Glasi alikamata usukani, shemeji akakaa kando yake, dalali nyuma akikilinda kikombe kwa macho. Walipotoka getini alikanyaga mafuta kidogo; gari likatulia kwanza kama linafikiri, halafu likawasukuma kwa ghafla, migongo ikabandikwa vitini.

"Ehee!" shemeji alipiga paja. "Hili sasa ndilo gari! Shemeji, umesikia hiyo?"

Aliisikia. Alijaribu tena, polepole zaidi, kwa ncha ya kiatu. Gari lilisita, kisha likaruka. Kwenye tuta la kwanza springi ngumu zilipiga kama mlango uliobamizwa. Kwenye reli ya zamani waliruka wote watatu. Walipokwea mlima mrefu unaoelekea hospitali, waliyapita malori manne bila injini kulalamika, na shemeji alicheka kama mtoto aliyetupwa juu na babake. Hakuwa amecheka hivyo kwa muda mrefu.

Waliporudi yadini kikombe kilibaki nusu. Kiti kilikuwa kimelowa.

Gari jeupe lilikwenda kama lilivyosemwa. Madereva wa nyuma walipiga honi. Mlimani injini ilikoroma hata dalali akanyamaza kwa aibu. Lakini lilipita matutani kama mtu anayeshuka kitandani bila kutaka kumwamsha mwenzake, na waliporudi, kilichomwagika kisingejaza kijiko. Mzee Glasi alikigusa kiti kwa kiganja, akakiacha pale kwa muda.

"Nachukua hili," alisema.

Shemeji alidhani ni utani. Alipoona si utani, alimshika mkono akamvuta hadi nyuma ya kontena la ofisi, dalali asisikie.

"Shemeji, nakuheshimu. Wewe ni mume wa dada yangu, na mimi ni mdogo wako. Lakini leo nitakuvunjia heshima kidogo."

"Sema."

"Ile siku maji yalipomjaa kwenye mapafu, nani alikuwa naye?"

Mzee Glasi aliingiza mikono mfukoni.

"Mimi. Wewe ulikuwa kwenye foleni ya dawa. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Kifua chake kilikuwa kinachemka mgongoni kwangu kama sufuria, shemeji. Nikapata gari bovu, likakwama pale pale mlimani. Dada yangu anabadilika rangi, dereva anashuka kuomba watu wasukume! Nikaapa. Nikasema hatapanda mlima ule tena kwa gari linalokoroma." Alinyoosha kidole upande wa yadi. "Na leo unaniletea konokono."

"Halikoromi sana."

"Usinitanie! Polepole ndio mwendo, sawa, lakini si wa mgonjwa. Niambie sababu moja tu. Usiniambie kikombe. Kikombe si sababu."

Sababu ilikuwepo, ila haikuwa yake kuitoa. Alikuwa amepewa Jumatano mchana, baada ya gari la kukodi kuwarudisha kutoka hospitali. Baada ya saa nne za mashine mkewe hutoka kama kitambaa kilichokamuliwa. Siku hiyo dereva alikuwa na haraka ya abiria mwingine, na kila shimo lilimpiga mkewe mwili mzima. Aliushika mkono uliochomwa sindano, akatapikia kwenye mfuko, akatapika tena pasipokuwa na kitu tumboni. Walipofika alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni.

"Dereva," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita mumewe tangu uchumba wao, "Jumamosi nitakwenda, kwa sababu nimemwahidi nesi gauni lake. Nikishampa, usiniulize tena kama nakwenda."

"Fundi wangu..."

"Mashine siiogopi. Naogopa njia ya kurudi. Na mdogo wangu usimwambie, atalia, na mimi sina nguvu ya kumbembeleza mtu."

Basi hakumwambia. Alisimama nyuma ya kontena mikono mfukoni, akatazama viatu vya shemeji yake, viatu vya muuza vipuri vilivyojaa madoa ya oili, na akakubali kuonekana mjinga.

"Nachukua jeupe," alirudia.

"Sawa." Sauti ya shemeji ilishuka. "Siku akifia kwenye ule mlima, usije mlangoni kwangu kulia."

Akaondoka kwa miguu, ingawa kwake kulikuwa mbali.

Jumamosi asubuhi Mzee Glasi alipunguza upepo kidogo kwenye tairi zote nne. Aliondoa jeki, spana na kila kitu kinachoweza kugonga. Akatandika blanketi kiti cha nyuma. Mkewe alitoka taratibu akiegemea ukuta, mkono mmoja umebeba mfuko wenye lile gauni. Mumewe alikuwa ameliona Alhamisi, lipo tayari, limepigwa pasi, upindo wake umenyooka kama umepigwa rula. Aliutazama mfuko ule kama mtu anavyotazama saa ya ukutani siku ya safari.

  Hospitali alimshika mkono hadi kwenye kiti cha mashine, akaona sindano zikiingia, akatoka kukaa kwenye benchi la ukumbini. Nesi alipita mara mbili na sinia lake. Mara zote mbili Mzee Glasi alimwangalia mikono, kuona kama amebeba mfuko. Hakuwa nao. Labda ameuweka kabatini, aliwaza. Labda ameshalivaa gauni na kulivua. Mtu akikaa sana kwenye benchi huwaza mambo ya ajabu.

Saa nane mchana walianza kurudi. Mkewe alilala nusu kwenye kiti cha nyuma, uso umekwisha rangi, kikombe chake cha mchana mkononi, maji yamefika mstari wa pili. Mzee Glasi aliendesha kama alivyokuwa hajaendesha tangu astaafu. Alilisoma kila tuta kabla hajalifikia. Aliachia mafuta mapema ili asiguse breki. Alibadilisha gia akisikilizia kwa unyayo. Mgongo wa shati ulilowa.

Halafu barabara ikafungwa kwa matengenezo, na wote wakageuziwa njia ya kuzunguka, ile inayorudi kuupanda mlima kwa upande wa pili.

Gari jeupe lilianza kukoroma. Aliingiza gia ya pili. Lori la nyuma liliwakaribia mpaka taa zake zikajaa kwenye kioo, likapiga honi, na nyuma ya lori honi nyingine zikaitikia.  Hapo ndipo yalipomjia maneno ya shemeji. Kama maji yangekuwa yanamjaa kifuani sasa hivi, gari hili lingemuua. Huo ndio ukweli. Siku hiyo ingeweza kuja, wiki hii, mwezi ujao, na yeye ndiye aliyekuwa amechagua, kwa mkono wake, mbele ya mashahidi. Alitaka kukanyaga mafuta mpaka chini. Hakukanyaga.

"Wanatukana?" mkewe aliuliza bila kufumbua macho.

"Wanapiga honi tu."

"Yule wa lori ametukana. Nimesikia. Amemtaja mama yako."

"Mama yangu alikuwa mvumilivu."

 Kwenye kioo aliona mabega ya mkewe yakitikisika. Akaangaza mfuko wa kutapikia uko wapi. Kisha akaelewa kwamba anacheka. Kicheko kidogo, kisicho na sauti, kilichomchosha mara moja.

"Dereva."

"Naam."

"Waache wapige."

Waliumaliza mlima. Lori liliwapita kwa hasira na vumbi.

Nyumbani shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono katikati ya magoti. Hakuna aliyejua amefika lini. Aliinuka, akalitazama gari likiingia na kusimama bila kutikisika, akaenda mlango wa nyuma kabla shemeji yake hajashuka. Alimchungulia dada yake usoni. Alichungulia sakafuni. Mfuko wa kutapikia ulikuwa umekunjwa kama ulivyotoka dukani.

"Limefika," alisema, kama mtu anayeongea na gari.

"Lilitaka lisifike?" dada yake alimjibu. "Sogea, unaniziba hewa. Na mbona umekonda? Mkeo amesafiri?"

Shemeji alicheka, kisha akageuka haraka akajifanya anakagua tairi. "Hizi zina upepo mdogo," alisema kwa sauti nzito. "Kesho nitakuletea springi nzuri za nyuma, shemeji. Laini. Ninazo dukani."

"Asante, shemeji."

Mzee Glasi aliinama kumpa mkewe mkono ashuke. Ndipo alipouona mfuko, ubavuni mwake, na kitambaa cha gauni la nesi kikitokeza.

"Hukumpa?" Lilimtoka kabla hajalizuia.

Mkewe aliupakata ule mfuko. Akalitoa gauni, akaligeuza ndani nje, akaupitisha upindo kati ya vidole, inchi kwa inchi, kama anatafuta kosa gizani.

"Upindo haujakaa sawa," alisema. "Nitaufumua. Nesi atangoja."

 Mumewe alijua ule upindo; tangu Alhamisi ulikuwa umenyooka kama rula. Shemeji alikuwa amechuchumaa penye tairi, haelewi kitu, anapiga mluzi mdogo wa kujituliza.

"Kaniletee sindano, Dereva. Na mkasi mdogo. Nitakaa hapa hapa kwanza."

Alivileta. Alirudi akikimbia, yeye ambaye hakimbii. Mkewe alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi, miguu nje juani. Kikombe kilikuwa kando yake kwenye blanketi, robo ya maji bado imo. Alikata uzi wa kwanza, akauvuta. Akakata wa pili. Baada ya kila mshono alipumzika, kichwa kimeegemea kiti, kabla ya kuutafuta mwingine.