Aya Iko Wapi?

Mkuu wa shule na mwalimu wa hesabu hawakupikika chungu kimoja. Mkuu alikuwa mchungaji mwenye sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Sindano, wala hawakukosea, maana ulimi wake ulichoma. Yeye ndiye aliyehangaika miaka miwili mpaka chuo kikuu kikakubali wanafunzi wake sita wasome hesabu za mwaka wa kwanza wakiwa bado sekondari. Ambaye angefaulu angepata nafasi chuoni moja kwa moja. Barua ya chuo ilipofika, Mkuu aliitia kwenye fremu, akapigwa picha nayo. Sindano hakuitwa hata kushika pembe ya fremu.

Kati ya wale sita, roho yake ilikuwa kwa binti wa mpishi wa shule, aliyebandikwa jina la Kikokotoo. Kwa wenzake chuo kilikuwa njia moja kati ya nyingi. Yeye alikuwa na hiyo tu, na ikizibika, ni jikoni kwa mama yake.

Sasa, shule ile ilikuwa na desturi yake. Kila karatasi, iwe ya zoezi au ya mtihani, juu kulia iandikwe aya ya Biblia ya wiki. Ukisahau, unakatwa alama tano. Baada ya miaka minne mikono ya wanafunzi iliiandika yenyewe, macho yakiwa hayajaliona hata swali la kwanza.

Barua ya masharti ya mtihani ilikuja mapema. Karatasi zingesahihishwa chuoni, kwa namba tu, na yenye maandishi yoyote ya kuitambulisha shule au mtahiniwa isingesahihishwa. Sindano akaipeleka kwenye kikao cha walimu, akaomba aya isiandikwe siku hiyo. Mkuu hakumaliza kuisoma. Alisema, mbele ya wote, kwamba wapo watu wanaokula mkate wa Bwana huku wanalionea haya Neno lake, na mtu wa namna hiyo asishangae ndoa ikimpiga chenga. Walimu wawili walicheka. Sindano aliwaweka moyoni wote wawili.

Alikusudia kuwaambia wanafunzi Ijumaa. Ijumaa ikafika, akasimama mbele yao na chaki mkononi, na hasira ikamnong'oneza: mwache aanguke kwa mguu wake mwenyewe. Akajiambia kwamba masharti yamechapwa nyuma ya karatasi, watayasoma. Akafundisha, akafuta ubao, akaondoka.

Siku ya mtihani hakuruhusiwa kuingia chumbani, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha. Msimamizi alikuwa Mkuu. Sindano alipopita nje ya dirisha, alimsikia akiwakumbusha aya. Angeweza kugonga kioo. Alikwenda kunywa chai.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hawakusema kitu juu ya wanaomsikia. Karatasi zote sita zilirudi bila kusahihishwa.

Mkuu aliiambia shule nzima kwamba hayo ni mateso kwa ajili ya imani. Kisha, ili lawama zisimwelemee peke yake, akaongeza kwamba barua ya masharti ilikuwa kwa mwalimu wa hesabu tangu mwanzo wa muhula.

Kikokotoo alifika chumba cha walimu kabla kengele haijalia. Hakusalimia, na huyu alikuwa mtoto wa kumwamkia hata mlinzi wa lango.

"Mwalimu, ulijua?"

"Nilimwambia Mkuu. Kikao kizima kilisikia."

"Sijauliza ulimwambia nani."

Sindano akaanza kueleza ukaidi wa Mkuu, matusi yake, vicheko vya wale wawili. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kupwaya, naye aliyasikia. Aliona aibu. Alitamani msichana alie, angalau apate wa kumbembeleza.

Msichana hakulia. Alitoa daftari lake la kwanza la hesabu za chuo, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaliweka mezani. Kila jibu lilikuwa na alama ya vema. Chini palikuwa na tisini na tano. Juu kulia, mahali palipoachwa wazi, wino mwekundu wa Sindano ulikuwa umeuliza: Aya iko wapi?

"Toka siku hiyo," alisema Kikokotoo, "sijasahau hata mara moja."

Akaliacha daftari pale pale, akaenda jikoni kwa mama yake.